Kifuko Kilichosahau Kuondoka

Bibi Mayai alikuwa na siri moja tu maishani mwake, na siri yenyewe ilikuwa na umri wa siku kumi na mbili. Nyingine zote alikwisha kuzitoa mwenyewe, maana mdomo wake haukuumbiwa kufungwa. Hii alikuwa ameikalia kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya watoto, mkoba mapajani, akimchungulia mjukuu wake kupitia kioo cha mlango. Ndani, damu ya mtu wasiyemjua ilikuwa ikiingia mkononi mwa mtoto tone kwa tone.

Mtoto alikuwa na miaka minne. Yeye na bibi yake waliitana mke mwenza, na waligombania mume aliyefariki mwaka mzima kabla mke mdogo hajazaliwa. Mke mdogo alishikilia kuwa yeye ndiye kipenzi. Mke mkubwa alimjibu kwamba mwanamke asiyejua hata kuosha kikombe hawezi kuwa kipenzi cha mtu, marehemu au aliye hai, na ugomvi huo uliwafikisha jioni karibu kila siku.

Jina la Bibi Mayai lilitokana na kazi yake. Chumba cha nyuma cha nyumba yao kilikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, kubwa kama kabati la nguo, inayomeza mayai mia tatu kwa mpigo na kuyarudisha yakiwa na miguu baada ya siku ishirini na moja. Siku ya saba alifunga madirisha, akazima taa, akamulika yai moja moja kwa tochi. Yai lenye uhai lilionyesha mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwenye nukta moja, na lisilo na uhai lilikuwa jeupe tupu. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na moja, na bado kila alipoiona ile nukta alinong'ona "karibu".

Sasa, mtu wa kazi nyingine angeona damu kwenye choo cha mtoto akafikiria minyoo, au maji machafu. Bibi Mayai alifikiria vifaranga. Mkwewe, yaani mama wa mtoto, alimwita bafuni asubuhi moja, akamwonyesha damu nzito yenye rangi ya tofali, nyingi, wala mtoto halii, hana homa, anauliza mkate uko wapi. Kifaranga anayetoa damu namna hiyo ana ugonjwa ambao Bibi Mayai aliujua kama anavyojua njia ya jikoni kwake. Na mtoto huyu alishinda kwenye chumba kile akiwabusu vifaranga kwenye midomo. Hesabu ikajipiga yenyewe kichwani mwake: ugonjwa umetoka kwa vifaranga, vifaranga ni wake, kwa hiyo yeye ndiye aliyemlisha mtoto sumu.

Hakumwambia mtu hesabu hiyo. Alizima mashine, akafukia nyuma ya nyumba mayai yaliyokuwa yamefikisha siku kumi na nne, akasugua sakafu mpaka vidole vikachubuka. Zahanati ikampa mtoto dawa ya minyoo, na damu ikakatika yenyewe. Siku ya tisa ikarudi. Mkwewe alipoingia kuoga, Bibi Mayai akachukua kopo la dawa ya unga ya vifaranga, akakoroga ncha ya kijiko kwenye maji ya matunda, akampa mke mwenza wake anywe. Kesho yake akampa tena. Alikuwa amekadiria dozi kwa kumhesabu mtoto kama kifaranga mkubwa sana.

Damu ikakatika, naye akashukuru kimyakimya. Siku kumi na mbili baadaye mtoto alisimama mlangoni, viganja vyeupe kama karatasi, akasema miguu yake imechoka, kisha akaanguka.

Hospitalini walimwongezea damu chupa ya kwanza, kisha ya pili. Walimlaza usingizi, wakapitisha kamera kwa mdomo, wasione kidonda; wakaipitisha kwa nyuma, wakaona damu inashuka kutoka juu lakini si mahali inapotokea. Kati ya kamera hizo mbili kulikuwa na mita kadhaa za utumbo ambazo hakuna kamera yao iliyoweza kuzifikia. Daktari wa wodi, kijana mwenye sauti ya upole na macho ya mtu asiyelala, aliuliza mara mbili kama mtoto amepewa dawa yoyote nyumbani. Mama wa mtoto akajibu hapana kwa kifua kizima. Bibi Mayai akaitazama sakafu.

Siku ya tatu daktari aliwaita kwenye chumba kidogo chenye meza na viti vitatu. Hakuzunguka. Alisema mtoto anavuja damu na wao hawajui wapi. Ikikatika sasa, itarudi, na inaweza kurudi wakiwa nyumbani, nyingi kiasi cha kummaliza kabla hawajafika hapa. Alihitaji kujua kila kitu kilichopita kinywani mwa mtoto, hata kama ni kitu cha aibu.

Mkwewe alikuwa na mimba ya miezi mitano na mikono yake ilikuwa juu ya tumbo. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, mwendo wa juma zima kutoka nyumbani, akipiga simu kila saa. Bibi Mayai alimtazama mwanamke huyo aliyeishi naye miaka sita bila kukoseana heshima, akaona wazi kwamba akifungua mdomo atampoteza, na asipoufungua atampoteza mtoto. Akasema.

Alisema yote, kuanzia vifaranga mpaka ncha ya kijiko. Alipomaliza, mkwewe hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu.

"Mama," alisema, taratibu kabisa, "kuanzia leo usimpe mwanangu kitu chochote kinywani. Hata maji."

"Sawa," Bibi Mayai akajibu.

Daktari aliuliza ni lini hasa alimpa ile dawa. Hapo Bibi Mayai akafungua mkoba, akatoa daftari la mashine. Alitembea nalo kila mahali, kwa kuwa yai halisubiri mtu akumbuke tarehe. Kila trei ilikuwa na ukurasa wake: siku ya kuingiza, siku ya kumulika, siku ya kutotoa. Na kwa vile hakuwa na daftari lingine, mambo ya nyumbani nayo aliyabana pembeni, huyu kaoa, yule kahama, paa limevuja. Daktari alipitisha kidole. Damu ya kwanza ilikuwa imeandikwa siku tisa kabla ya dawa.

"Ungeweza kumdhuru," alimwambia. "Safari hii hukumdhuru, na si wewe uliyeleta hii damu. Usirudie."

Kisha, badala ya kulifunga daftari, akaendelea kulifunua kurudi nyuma, pengine kwa udadisi tu. Akasimama. Trei ya sitini na moja, miaka miwili na zaidi iliyopita, ilitotoa vizuri, na pembeni yake palikuwa na maneno haya: *mke mwenza choo cheusi kama lami siku mbili, hana maumivu*. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Mkwewe akakumbuka kwamba walidhani ni dawa ya maji ya kuongeza damu aliyokuwa akinywa, maana nayo hufanya choo kiwe cheusi. Kurasa nyingi mbele, mwaka jana, palikuwa na mstari mwingine kama huo. Daktari aliisoma mistari yote miwili, akairudia, akaomba radhi na kutoka na daftari mkononi.

Alirudi na daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mpira. Naye alisoma. Aliwaambia kwamba damu isiyouma, inayokuja na kwenda tangu mtoto hajafika miaka miwili, inamfanya afikirie kitu kimoja ambacho mtu huzaliwa nacho. Asingewaambia ni nini mpaka akione. Kulikuwa na kipimo.

Kipimo kilikuwa jengo la pili, nyuma ya mlango mzito wenye alama ya onyo. Mpiga picha alieleza kwamba mtoto atachomwa dawa yenye mionzi kidogo, na kwamba mwenye mimba haruhusiwi kukaa karibu. Mtoto naye hakai kitako dakika mbili bila mtu wake. Mkwewe alisimama kizingitini akimtazama yule ambaye jana tu alimfungia mlango wa imani. Hakukuwa na mwingine.

"Nenda naye," alisema, akageuka.

Mtoto alilazwa kwenye kitanda chembamba, na sahani mbili kubwa za chuma zikasogezwa, moja juu na moja chini. Bibi Mayai aliuliza taa ya mashine iko wapi, kwa kuwa hakuna anayemulika kitu bila taa. Mpiga picha akatabasamu. Mashine nyingine humpiga mtu mwanga, alisema, lakini hii haina mwanga wowote. Dawa ikishaingia mwilini, mtoto mwenyewe ndiye atakayewaka, na mashine kazi yake ni kungoja na kutazama. Dawa hii hupenda sana ngozi ya ndani ya mfuko wa chakula, huko ndiko hukimbilia. Ikikimbilia na mahali pengine pasipotarajiwa, tutapaona.

Ilibidi mtoto atulie karibu saa nzima. Bibi Mayai akaanza kumsimulia jinsi mume wao alivyomposa, na mke mdogo, asiyeruhusiwa kutikisika, akawa anapinga kwa macho tu.

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Kisha nukta zikaanza kudondoka, moja hapa, moja pale, mamia, bila mpangilio. Bibi Mayai aliendelea kusimulia, lakini jicho lake lilikuwa limeshatoka kwenye hadithi. Nukta zikakusanyika juu, upande wa kushoto wa mtoto, zikawa umbo lililokunjamana: mfuko wa chakula, ukiwaka. Chini kabisa, kibofu kikaanza kung'aa polepole. Alikuwa akimwona mjukuu wake kwa ndani, kwa woga na kwa utamu wa kuona. Maisha yake yote alikuwa amemulika vitu kutoka nje. Hakujua kwamba kiumbe anaweza kujimulika mwenyewe.

Na hapo akaiona. Chini ya kitovu, upande wa kulia, palikuwa na nukta moja iliyokataa kutawanyika. Ilikuwa imeanza dakika ileile ulipoanza mfuko wa chakula, na kadiri mfuko ulivyozidi kuwaka, nayo ilizidi, hatua kwa hatua. Mpiga picha alikuwa bado anarekebisha kitu pembeni. Bibi Mayai akasahau mume wake katikati ya sentensi.

"Ile pale," alisema. "Hiyo haitakiwi kuwa hapo."

Mpiga picha aligeuka, akatazama. Akasema kwamba yeye hupiga tu picha, anayesoma ni daktari. Lakini alimpeleka mtoto akojoe ili kibofu kisiwachanganye, akampiga tena kutoka mbele na ubavuni, na nukta ilikuwa palepale.

Alasiri daktari wa upasuaji aliwakalisha wote wawili, akageuza fomu na kuchora nyuma yake. Alichora utumbo mwembamba, na mahali karibu na unapokutana na utumbo mpana akachora kifuko kidogo kimechomoza kama kidole cha glavu. Mtoto alizaliwa nacho. Watu wawili katika kila mia huzaliwa nacho, wengi huzeeka na kufa wasijue. Tatizo la hiki ni kwamba ndani yake kina ngozi ya mfuko wa chakula. Kimekosea anwani. Kinatoa asidi kama vile kina chakula cha kusaga, na utumbo ulio jirani haukuumbiwa asidi, kwa hiyo unaungua, unapata kidonda, unavuja. Kidonda hakiumi. Kinatoka damu tu.

Mkwewe akauliza kifuko kimetoka wapi.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema mtoto anapoanza tumboni, akiwa mdogo kuliko punje ya mchele, bado hajaunganishwa vizuri na mama yake. Siku hizo za mwanzo ana kifuko kingine, cha kumlisha, nje ya mwili, na kimrija chembamba kinachotoka humo, kinapita kitovuni, mpaka kwenye utumbo. Baadaye mama huchukua kazi ya kumlisha, na kufikia wiki ya saba au ya nane kimrija hukatika na kuyeyuka. Kwa huyu, kipande kilibaki.

Bibi Mayai alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti.

"Hicho ni kiini," alisema.

Daktari akamtazama.

"Kiini cha yai. Kifaranga akikaribia kutoka, kiini huingia tumboni mwake kwa kupitia kitovu, na kinashikana na utumbo kwa kijiuzi. Ndiyo maana unaweza kumsafirisha siku mbili bila kumpa kitu, anakula kile. Wakinifia ndani ya gamba nawapasua nione kosa langu liko wapi. Nimekiona kijiuzi hicho mara mia."

"Ndicho hichohicho," daktari alisema. "Kwa ndege, kipande chake hubaki maisha yote, na hakiwadhuru. Nimefanya kazi hii miaka kumi na nne, bibi, na hakuna ndugu wa mgonjwa aliyewahi kunimalizia maelezo."

Bibi Mayai hakusikia sifa. Alikuwa ameduwaa kwelikweli. Kila mtu aliyepita nje ya dirisha lile, mfagiaji, mlinzi mwenye kitambi, huyu daktari na viatu vyake vya mpira, aliwahi kuning'inia kwenye kiini. Yeye mwenyewe pia, na marehemu mumewe pamoja na ubishi wake wote. Na aliye ndani ya tumbo la mkwewe amekwisha kupita hapo bila mtu kumuona, na kimrija chake kimekatika au hakikukatika, na hakuna aliyempigia hata makofi. Alitamani kumwambia mkwewe hayo. Mkwewe alikuwa akilia, akitia saini fomu ya kukubali mtoto apasuliwe.

Upasuaji ulikuwa kesho yake asubuhi. Ulichukua muda wa saa mbili, na katika muda huo wakwe wale wawili walikaa kwenye benchi moja na nafasi tupu katikati yao. Daktari alitoka na alama ya barakoa usoni. Alieleza kwamba walipita kitovuni, wakauvuta utumbo nje taratibu, wakakikuta kifuko, urefu wa kidole gumba, na kidonda kando yake. Walikikata pamoja na kipande cha utumbo chenye kidonda, wakaziunganisha ncha mbili kwa sindano. Damu haitarudi. Sasa kilichobaki ni utumbo kuamka. Mpaka uamke, hakuna tone la maji kinywani, na dalili ya kuamka ni moja.

"Atoe upepo," alisema daktari.

"Ajambe," alitafsiri Bibi Mayai, kwa faida ya wote.

Hivyo ndivyo watu wazima walivyokaa siku mbili wakingoja jambo ambalo nyumbani wangemkemea mtoto kwa kulifanya. Asubuhi daktari aliweka kipimo chake tumboni, akasikiliza, akauliza. Bado. Baba alipiga simu kutoka barabarani, naye akauliza. Bado. Mama alikaa kulia mwa kitanda, bibi kushoto, na maneno kati yao yalipitia kwa mtoto: mwambie bibi asogeze kiti, mwambie mama apumzishe miguu. Mtoto, midomo imekauka, aliomba maji. Mama alimlowesha midomo kwa pamba. Bibi Mayai aliweka mikono yake chini ya mapaja ili isije ikasahau.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, ilisikika. Haikuwa kubwa, lakini wodi nzima ilikuwa kimya na haikuhitaji kurudiwa. Mtoto alifungua macho, akawatazama wote wawili kwa uzito wa jaji.

"Siyo mimi," alisema. "Ni mke mwenza."

Mama yake alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo lake kwa mikono yote miwili, mpaka kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Muuguzi alikuja mbio akidhani kuna jambo. Alipoelezwa, akaenda kumuuliza daktari, akarudi na kikombe cha maji na kijiko kidogo. Aanze na kijiko kimoja, alisema, kisha tusubiri.

Mama alikipokea kikombe. Akachota, kijiko kikafika nusu ya njia kuelekea kinywani mwa mtoto, kikasimama. Bibi Mayai alikuwa anatazama ukuta, kama mtu anayesoma tangazo, na ukutani hakukuwa na tangazo.

"Mama," mkwewe aliita.

Hakugeuka mara moja. Tangu siku ile ya chumba kidogo alikuwa hajaitwa hivyo, na aliogopa amesikia vibaya.

"Mpe wewe."

Bibi Mayai alitoa mikono yake chini ya mapaja. Akakipokea kijiko kwa yote miwili, na mke mwenza wake akafungua mdomo.